Mtaalamu wa Kompyuta Apimwe kwa Kazi

Serikali ya leo haiendeshwi tena kwa majalada peke yake. Mwalimu aliyeko Kasulu akitaka likizo au uhamisho hujaza maombi yake katika mfumo wa ESS, na utendaji wake wa mwaka hupimwa katika PEPMIS. Mzabuni anayetaka kuiuzia halmashauri madawati hana budi kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 mahali pa TANePS. Mwananchi anayelipa ada, faini au ankara ya maji hupewa namba ya malipo inayotoka katika mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017. Nyuma ya mifumo hiyo wako vijana walioketi wakaandika programu mstari kwa mstari. Wakiandika vizuri hakuna anayewakumbuka. Wakikosea, malipo yanahesabiwa mara mbili, jina la mtumishi linapotea, na mwananchi anaambiwa arudi kesho kwa kuwa mfumo uko chini.

Kwa hiyo swali la nani anaajiriwa kuandika programu hizo, na kwa kipimo gani, si swali la mafundi wa kompyuta peke yao. Linamhusu mwalimu, mganga, mhasibu na mkulima. Yafaa lizungumzwe kwa uwazi, kwa sababu kipimo kinachotumika, hapa nchini na hata katika nchi ambako kazi hii ilianzia, kina kasoro kubwa. Kinapima kumbukumbu ya kijana kwa saa chache, na hakipimi kazi ambayo huenda akaifanya kwa miaka thelathini.

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya kukosa wataalamu wake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mashine, kazi ikiongozwa kwa sehemu kubwa na wageni, mambo yaliharibika kiasi kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapo wanaoicheka marufuku hiyo leo. Wanaoicheka wanasahau kwamba iliwekwa na watu waliokwisha kuona fedha za umma zikiingia katika mashine ambayo hakuna mwananchi aliyeweza kuifungua na kueleza kilichomo. Leo hali ni tofauti. Ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, ipo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na mifumo mingi mikubwa imeundwa na wataalamu wazalendo. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mlango wanaoingilia wataalamu hao unafunguliwa kwa ufunguo unaostahili.

Mlango huo ni usaili. Kijana aliyehitimu shahada ya sayansi ya kompyuta akiomba kazi ya Ofisa TEHAMA hupitia kwanza usaili wa mchujo. Hapo hukutana na maswali ya aina inayofahamika na kila aliyewahi kuketi: taja tabaka saba za mawasiliano ya mtandao, eleza maana ya hifadhidata, chagua jibu lililo sahihi kati ya A, B, C na D. Waliovuka mchujo huitwa katika mahojiano mbele ya jopo, na katika kada kadhaa uko pia usaili wa vitendo. Jambo hilo la vitendo ni zuri na halina budi kupongezwa. Tatizo ni mahali lilipowekwa. Usaili wa vitendo huja baada ya mchujo, na aliyechujwa kwa kusahau tabaka la tano la mtandao hafiki mbele ya kompyuta kuonyesha mikono yake inajua nini.

Matokeo yake yanaonekana katika maduka ya kunakili karatasi na katika makundi ya WhatsApp, ambako maswali ya usaili uliopita hupitishwa kutoka mkono hadi mkono pamoja na majibu yake. Walimu wanaujua mchezo huu kuliko watu wengine wote. Ndio mchezo ule ule wa tuisheni, ambapo mwanafunzi hafundishwi kemia bali hufundishwa mtihani wa kemia. Kijana aliyekaa miezi sita akijenga programu ya kutunza kumbukumbu za zahanati ya kijijini kwao huenda akashindwa na mwenzake aliyekaa miezi hiyo hiyo sita akikariri majibu. Anaposhindwa, Taifa halipati habari kwamba limepoteza kitu.

Kasoro hii haikuzaliwa Dodoma. Imetoka mbali, na asili yake ni Marekani, katika kampuni kubwa za kompyuta ambazo desturi zake zimeigwa duniani kote. Kwa miaka mingi kampuni hizo ziliwauliza waombaji kazi vitendawili: kwa nini vifuniko vya mashimo ya maji machafu barabarani ni vya duara, au ni mipira mingapi ya gofu inayoweza kujaa ndani ya basi. Mwaka 2013 Bwana Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa kampuni ya Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba maswali ya aina hiyo yalikuwa ni kupoteza wakati, na kwamba hayakubashiri lolote kuhusu kazi ya mtu. Kwa muda wote huo maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuajiriwa au kukataliwa kwa kuhesabu mipira.

Vitendawili vilipoachwa, nafasi yake ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na mtihani wa ubaoni. Mwombaji husimamishwa mbele ya ubao mweupe, akapewa fumbo la hesabu za kompyuta, na kutakiwa aandike programu kwa kalamu huku msaili akimtazama. Ajabu ya mtihani huu ni kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo programu huandikwa hivyo. Mwandishi wa programu hukaa mbele ya mashine, hujaribu, hukosea, husoma vitabu na miongozo, huuliza wenzake, hurekebisha na kujaribu tena. Kumpima kwa ubao na kalamu ni sawa na kumpima dereva wa basi kwa kumtaka achore usukani.

Kisa kimoja kilivuma mwaka 2015. Bwana Max Howell, aliyetunga programu iitwayo Homebrew inayotumiwa na waandishi wengi wa programu duniani, aliandika hadharani kwamba Google walimkataa kwa sababu alishindwa kugeuza "mti" ubaoni. Mti huo ni namna mojawapo ya kupanga taarifa katika kumbukumbu ya kompyuta, na kuugeuza ni kuyahamisha matawi ya kushoto yawe kulia. Haki ni kusema pia kwamba yeye mwenyewe baadaye alikubali kuwa lawama zake hazikuwa za haki kabisa, kwani yako mambo ya sayansi ya kompyuta ambayo hakuyajua vizuri. Hata hivyo kisa hicho kiliwagusa watu wengi kwa sababu kila mmoja alikuwa na chake kinachofanana nacho. Kampuni ilikuwa na ushahidi wa kazi ya mtu mbele yake, kazi iliyokwisha kutumika, ikachagua kutazama ubao.

Ushahidi wa kitaalamu ulikuja mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, wakishirikiana na kampuni ya Microsoft, waliwapima wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Kundi moja lilitatua fumbo ubaoni mbele ya msaili, likieleza kwa sauti kila linalofanya. Kundi la pili lilipewa fumbo lile lile, kisha msaili akatoka chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya sana, ufanisi wao ukishuka kwa zaidi ya nusu. Kati ya wanawake waliotazamwa hakuna hata mmoja aliyefaulu, hali wanawake wote waliofanya peke yao walifaulu. Idadi ya wanawake hao ilikuwa ndogo, na haifai kujenga sheria juu ya watu wachache. Lakini yatosha kumfanya kiongozi yeyote wa utumishi ajiulize: jopo la watu wanne au watano wenye suti, wanaomtazama binti wa miaka 23 akiandika, linapima utaalamu wake au linapima woga wake? Nchi inayolalamika kwamba wanawake ni wachache katika TEHAMA haina budi kulichukua swali hilo kwa uzito.

Desturi hii imezaa biashara nzima. Vimechapishwa vitabu vinene vya kufundishia kushinda usaili, na zimefunguliwa tovuti zenye maelfu ya mafumbo ya mazoezi, ambako mtaalamu mwenye kazi na familia hutakiwa kukesha miezi kadhaa akijinoa kwa maswali ambayo hatayaona tena baada ya kuajiriwa. Vijana wa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam wanaotafuta kazi za kampuni za nje kupitia intaneti wanaufahamu mkesha huo. Wengine hupewa kazi ya kufanya nyumbani kwa siku tatu au nne bila malipo, wakiisha kuituma hawapati hata barua ya kukataliwa. Huo ni unyonyaji, hata kama umevikwa jina la usaili.

Na sasa desturi yenyewe imevunjika mikononi mwa walioianzisha. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, fumbo la kukariri hujibiwa na mashine kwa sekunde chache. Waombaji wanaosailiwa kwa njia ya video wameweza kuficha msaidizi huyo pembeni mwa kioo, na kampuni kadhaa za Marekani zimeanza tena kuwaita watu ana kwa ana. Swali ambalo mashine hulijibu barabara bila kujua ofisi ikoje wala mtumiaji wake ni nani halifai tena kuwa swali la kumchagulia mtumishi.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba suala la mtihani kama kipimo cha mtu si geni katika nchi hii. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi kwamba mitihani hupima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa kwa muda uliowekwa, wala haipimi tabia ya mtu na moyo wake wa kutumikia. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba kijana asiingie Chuo Kikuu kwa alama za mtihani tu, bali kwanza afanye kazi na apate mapendekezo ya mahali alipofanyia kazi. Kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani yakahesabiwa katika matokeo yake ya kidato cha nne. Sharti la kufanya kazi kabla ya Chuo Kikuu lililegezwa baadaye, na hakuna anayetaka lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa maana mapendekezo ya waajiri nayo yaliweza kugeuka kuwa zawadi kwa wapenzi wao. Lakini hoja iliyolizaa haijafa. Ni jambo la kushangaza kwamba hoja iliyokubaliwa kwa mtoto wa kidato cha nne haijakubaliwa kwa mtu mzima anayekabidhiwa hesabu za Serikali.

Wapo watakaojibu kwamba idadi ya waombaji hairuhusu njia nyingine. Jibu hilo lina uzito, na asiyelipa uzito hajui hali ya ajira. Mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipata maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, na walimu zaidi ya 200,000 waliomba nafasi 14,648. Hakuna jopo linaloweza kuzungumza na umati kama huo, na mchujo wa aina fulani ni lazima uwepo.

Lipo pia jibu zito zaidi la pili, ambalo watumishi wa siku nyingi hulitamka kwa sauti ya chini. Mtihani wa karatasi una namba, hauna jina la baba. Ulikuwepo wakati ambapo kila ofisi iliajiri kwa utaratibu wake, na kila mkuu wa ofisi alikuwa na mpwa. Ndugunaizesheni ilikuwa donda katika utumishi wa umma, na Sekretarieti ya Ajira iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma iliwekwa ili kuajiri kuwe na mahali pamoja na masharti yanayofanana. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo asiyejua mtu yeyote Dodoma ana ngao moja tu, nayo ni alama zake. Anayetaka kubadili usaili na akamnyang'anya ngao hiyo, atakuwa ameleta dhuluma kubwa kuliko ile aliyotaka kuiondoa. Mahojiano ya kuzungumza tu, yasiyo na maswali yaliyopangwa, ndiyo kichaka cha upendeleo.

Lakini hayo mawili hayalazimishi kukariri. Walimu wa sayansi ni mashahidi. Kila mwaka Baraza la Mitihani huendesha mitihani ya vitendo ya fizikia, kemia na baiolojia kwa watahiniwa wa shule zilizotapakaa nchi nzima. Mtahiniwa hupewa vifaa na kazi ileile anayopewa mwenzake, na husahihishwa kwa mwongozo uleule na mtu asiyemjua. Haitoshi kutaja jina la bureti. Hana budi kuishika na kupata jibu. Kama hilo lawezekana kwa watoto, tena kwa kutumia tindikali na vyupa vinavyovunjika, kwa mwombaji kazi ya kompyuta ni rahisi zaidi, kwa kuwa programu haivunjiki ikinakiliwa na mashine yenyewe yaweza kusaidia kusahihisha.

Mfano wa kazi hiyo si mgumu kuutunga. Mwombaji apewe programu fupi ya kupokea malipo, mistari mia mbili hivi, inayofanya kazi lakini ina ugonjwa: mtandao ukikatika katikati ya malipo, mlipaji akabonyeza tena, fedha huhesabiwa mara mbili. Apewe saa tatu, kompyuta, na ruhusa ya kusoma miongozo. Atafute kasoro, airekebishe, aandike jaribio la kuthibitisha kwamba imekwisha, kisha aandike nusu ukurasa kwa Kiswahili fasaha kumweleza mhasibu wa halmashauri kilichotokea na nini kifanyike kwa wananchi waliokwisha kukatwa mara mbili. Karatasi ya namna hiyo hupima mambo mengi kwa pamoja: kusoma kazi iliyoandikwa na mtu mwingine, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii katika ofisi yoyote, subira, uangalifu wa fedha za umma, na uwezo wa kuzungumza na asiyekuwa fundi. Hilo la mwisho limepuuzwa mno. Mifumo mingi hailaumiwi kwa ubovu wa hesabu zake. Hulaumiwa kwa sababu aliyeiunda hakumsikiliza aliyeitumia.

Kazi hiyo ikisahihishwa, jina likiwa limefichwa na wasahihishaji wakiwa wawili, watakaobaki ndio waitwe mbele ya jopo. Jopo nalo liulize kila mmoja maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na litoe alama kwa mizani iliyoandikwa kabla ya siku ya usaili. Sayansi ya utumishi imelisema hili kwa muda mrefu. Wataalamu Frank Schmidt na John Hunter, katika mapitio yao ya mwaka 1998 yaliyokusanya utafiti wa miaka 85, walionyesha kwamba kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe, na kumhoji kwa maswali yaliyopangwa, ni miongoni mwa vipimo vinavyobashiri vizuri utendaji wake. Paul Sackett na wenzake walipozipiga hesabu hizo upya mwaka 2022, mahojiano yaliyopangwa yalishika nafasi ya kwanza, na mtihani wa maarifa ya kazi ulifuata karibu sana. Kwa hiyo karatasi ya maarifa haistahili kutupwa. Inastahili kuulizwa kama maarifa yaliyomo ni ya kazi au ni ya kitabu. Katika orodha hiyo hiyo, miongoni mwa vitu vilivyoonekana kuwa na faida ndogo sana ni hesabu tupu ya miaka ya uzoefu. Waandishi wa matangazo ya kazi wanaopenda kudai uzoefu wa miaka mitano kwa kijana aliyehitimu juzi wangefaidika kuisoma.

Jopo lenyewe nalo liangaliwe. Si haki mwandishi wa programu apimwe na watu ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika programu katika miaka kumi iliyopita. Mamlaka ya Serikali Mtandao, Wizara ya Fedha na vyuo vikuu vina wataalamu wanaofanya kazi hii kila siku. Mmoja wao awe mjumbe wa jopo mwenye sauti, asiwe mgeni mwalikwa wa kuuliza swali la mwisho.

Liko na suala la nauli. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili huwaeleza wasailiwa kwamba watajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa kijana wa Kigoma au Newala asiye na kazi, kila hatua ya usaili inayofanyika Dodoma ni deni jipya kwa wazazi wake, na wapo wanaouza mbuzi kwa ajili ya swali la kuchagua A au B. Hatua ya kuwawezesha waombaji kufanya mchujo kwa njia ya kompyuta katika mikoa waliko ni ya kupongezwa sana. Vituo hivyo hivyo vyafaa kwa kazi ya vitendo iliyoelezwa hapo juu. Kompyuta inayoweza kumwonyesha mwombaji maswali manne ya kuchagua inaweza pia kumfungulia programu yenye kasoro, na aliyeipanga safari hiyo ya kwanza hashindwi kuipanga ya pili.

Vyuo navyo vina hazina isiyotumika. Mwanafunzi wa kompyuta hufanya mafunzo ya vitendo katika ofisi na kampuni, na katika mwaka wake wa mwisho huunda mradi kamili unaosimamiwa na mwalimu. Ripoti hizo husahihishwa, hufungwa, na nyingi haziguswi tena. Mwombaji aruhusiwe kuleta mradi wake, naye aulizwe juu yake: kwa nini alichagua njia hii na si ile, wapi alikwama, nani aliutumia, na angeanza upya leo angebadili nini. Asiyeuandika mwenyewe atajulikana katika dakika kumi za kwanza, hata kama ameununua kwa fedha nyingi.

Hatimaye kuna kipimo ambacho tayari kimo katika kanuni za utumishi na ambacho hakigharimu Serikali hata senti moja. Mtumishi mpya huwekwa katika kipindi cha matazamio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Muda huo uliwekwa ili kazi ya mtu ionekane. Katika ofisi nyingi umekuwa ni wa kungoja barua, nayo barua huja kwa kuwa miezi imetimia. Kwa Ofisa TEHAMA muda huo ungetosha kuonyesha mengi, mradi msimamizi wake ampe kazi ya kuunda na kutengeneza mifumo badala ya kumtuma kubadili wino wa mashine ya kuchapia. Kabla ya kuandaa barua ya kuthibitishwa, Ofisa Utumishi aombe kuonyeshwa ni kasoro zipi kijana huyo amezirekebisha kwa mwaka mzima, ni mwongozo gani ameuandikia watumiaji, na wahasibu na walimu wanaoutumia mfumo wake wanasema nini.